Kalenda za Majilio: ipi inafaa kununuliwa, ipi ibaki dukani

Kuanzia Agosti maduka ya mtandaoni huanza kutangaza kalenda za Majilio, zile za kufungua kidirisha kimoja kila siku ya Desemba hadi mkesha wa Noeli, na ikifika Oktoba zile zinazogombewa sana huwa zimekwisha. Majilio ni kipindi cha kungoja Krismasi, altare imevaa zambarau, halafu watu wanapanga foleni miezi mitatu kabla ili wasingoje. Bidhaa iliyobeba jina la kipindi cha Kanisa inastahili kupimwa mara mbili: kwanza kama imetengenezwa vizuri, pili kama inafanya kazi ambayo jina lake linadai. Sokoni kuna aina nne kuu: ya karatasi yenye picha, ya chokoleti, ya vipodozi, na ile tupu ya kitambaa au mbao ambayo mnunuzi huijaza mwenyewe.

Kazi ya kalenda hii ilianza kwenye familia za Kilutheri za Ujerumani katika karne ya 19. Wengine walichora mistari 24 ya chaki mlangoni na mtoto akafuta mmoja kila siku. Wengine waliweka unyasi mmoja kwa siku kwenye hori dogo, ili kufikia mkesha wa Noeli pawe pametosha kumlaza Mtoto Yesu. Mwaka 1839, katika nyumba ya kulelea watoto maskini huko Hamburg, mchungaji Johann Hinrich Wichern alipanga mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni, minne mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, ili watoto waache kumuuliza kila siku Krismasi ni lini. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchapishaji Gerhard Lang wa Munich akaipeleka desturi hiyo kiwandani. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa akimshonea vibiskuti 24 juu ya kadibodi, kwa hiyo anayedhani utamu uliingizwa juzi na wafanyabiashara amekosea: ulikuwamo tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba kibiskuti kimoja kilikuwa alama ya siku iliyopita. Hakikuwa ndiyo sababu ya kuamka.

Aina ya karatasi haina mengi ya kusemwa, na hiyo ni sifa. Ni kadi ya ukubwa wa A4 au zaidi kidogo, yenye vidirisha 24 na picha nyuma ya kila kimoja. Richard Sellmer wa Stuttgart alianza kuzichapa mwaka 1946, mji ukiwa bado magofu ya vita, na kampuni yenye jina lake inaendelea hadi leo. Kadi nzuri ina picha zilizochapwa kwenye karatasi inayopitisha mwanga, kwa hiyo itundikwe dirishani au mbele ya taa, la sivyo nusu ya uzuri wake hauonekani. Tatizo la kawaida ni ukataji: kisu cha kiwandani kikikata juujuu, kidirisha kinachanika pamoja na picha ya jirani yake. Ingiza ncha ya kisu butu pembeni kwanza, kisha fungua kuelekea kwenye mkunjo. Zenye unga wa kumetameta zinachafua sakafu kwa majuma na hazifai kwa mtoto anayetia vidole mdomoni.

Kabla ya kulipa, tazama kidirisha cha 24. Kwenye kalenda zilizobaki na akili yake kidirisha hicho ni kikubwa kuliko vingine na nyuma yake kuna hori. Kama kuna mzee mwenye ndevu na gunia, umenunua pambo la Desemba, si kalenda ya Majilio. Hakuna ubaya mkubwa, ila ujue.

Ya chokoleti ndiyo inayouzwa kila mahali. Umbo lake ni boksi bapa la kadibodi, ndani kuna trei nyembamba ya plastiki yenye mashimo 24. Za bei ya chini huwa na gramu 50 hadi 100 za chokoleti kwa jumla, yaani kila kipande ni gramu mbili hadi nne. Gawa bei kwa gramu, kisha ufanye hivyohivyo kwa chokoleti ya kawaida iliyo kwenye rafu ileile. Tofauti ndiyo bei ya kadibodi, na huwa kubwa. Yapo mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, tikisa boksi taratibu: ukisikia vipande vinacheza, vimetoka kwenye mashimo yake, na mtoto atafungua siku ya tano akute patupu huku siku ya tisa ina viwili. Hilo hutokea boksi likihifadhiwa limesimama au likipata joto, maana siagi ya kakao huanza kulainika kabla ya nyuzi 30. Hifadhi kalenda ikiwa imelazwa, mahali pakavu penye ubaridi. Usiitie kwenye friji bila kuifunga vizuri ndani ya mfuko, kwa sababu unyevu ukitanda juu ya chokoleti huyeyusha sukari na kuacha ukungu mweupe. Weupe huo si uvundo, chokoleti bado inalika, lakini ladha imekwisha.

La pili ni kadibodi yenyewe. Mwaka 2012 shirika la Kijerumani la kupima bidhaa, Stiftung Warentest, lilipima kalenda 24 za chokoleti na kukuta mabaki ya mafuta ya madini, ambayo chanzo chake kimoja ni wino wa magazeti yaliyorejelezwa kutengenezea maboksi. Chagua boksi lililoandikwa kuwa limetengenezwa kwa nyuzi mpya za mbao, au ambalo chokoleti zake zimefungwa moja moja kwa karatasi ya alumini. La tatu ndilo zito zaidi kwa Mkristo. Côte d'Ivoire na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, na ajira ya watoto kwenye mashamba hayo ni jambo linalojulikana kwa miaka mingi. Kumfundisha mtoto kumngoja Mtoto wa Bethlehemu kwa kitu kilichovunwa na mtoto mwenzake ni kejeli ambayo hakuna nembo inayoifuta kabisa. Hata hivyo nembo za uthibitisho wa kilimo, kama Fairtrade au Rainforest Alliance, ni afadhali kuliko kimya, na kalenda isiyosema lolote kuhusu kakao yake isiingie kikapuni.

Sasa vipodozi, ambavyo ndivyo vilivyoigeuza kalenda hii kuwa tukio la mitandaoni. Kila Septemba watu wenye wafuasi wengi hupokea maboksi hayo na kufungua vidirisha vyote 24 mbele ya kamera kwa kikao kimoja. Hapo kalenda imekwisha kufa kabla Majilio hayajaanza. Mtazamaji hanunui tena siri wala siku. Ananunua orodha anayoijua tayari, na kinachomsukuma ni tangazo kwamba zimebaki chache. Uhaba huo hupangwa: huchapwa idadi fulani, orodha ya wanaosubiri hufunguliwa, na mtu anajikuta anaogopa kukosa kitu ambacho mwezi mmoja nyuma hakujua kama kipo.

Hoja kuu ya muuzaji ni kwamba thamani ya vilivyomo ni mara tatu au nne ya bei. Hesabu hiyo ina ujanja wake. Krimu ya mililita 5 hupewa thamani ya sehemu ya kumi ya kopo la mililita 50, jambo ambalo kwenye karatasi ni kweli, ila hakuna mtu angeenda dukani kununua mililita 5. Kuipima kwa haki, chukua orodha kamili ya vilivyomo. Futa kila kitu ambacho usingekinunua kwa fedha yako: tupa ya kucha, kibanio cha nywele, kijaluba, mshumaa mdogo, pakiti ya mililita 2. Vilivyobaki, vihesabu kwa mililita kwa bei ya kopo kubwa kuliko yote, ambalo ndilo nafuu. Jumlisha. Kama jumla haifiki bei ya boksi, na mara nyingi haifiki, ile punguzo ilikuwa maneno.

Kisha kuna muda wa kutumika. Nyuma ya kila chupa kuna mchoro wa kikopo kilicho wazi wenye namba na herufi M: 6M ni miezi sita tangu kufunguliwa, 12M ni mwaka. Kalenda inakufanya ufungue vitu 24 ndani ya majuma matatu na siku chache, ikiwa ni pamoja na aina tatu za krimu ya uso na wanja mbili, wakati uso ni mmoja. Sehemu kubwa itaharibika kwenye kabati. Kurudisha nako ni shida, kwani vipodozi vilivyovunjwa lakiri huwa havipokelewi na maduka, na kalenda kwa asili yake haijulikani kama ina kasoro mpaka lakiri ivunjwe. Mwenye ngozi inayodhurika na manukato asiikaribie kabisa.

Mfano unaokumbukwa ni wa Chanel, kampuni ya Kifaransa ya mitindo na marashi, mwaka 2021: boksi lenye umbo la chupa ya marashi yao maarufu, No. 5, lililouzwa dola 825 huko Marekani. Wanunuzi walilalamika hadharani walipokuta stika na mfuko mtupu wa kitambaa. Gumzo lote lilihusu stika. Lakini la kushangaza zaidi lilikuwa namba: vidirisha vilianza na 5, kwa heshima ya marashi, vikaishia 31. Yaani tarehe 25 ilipita katikati kama siku nyingine yoyote, na zawadi za baada yake zikaendelea. Sekta nzima imefika hapo: kuna kalenda za jibini, za mvinyo, za mishumaa, za vyakula vya mbwa. Neno Majilio limebaki kama umbo la boksi. Mtu anapolalamika kwamba kidirisha cha tarehe 9 hakina thamani, ujue kalenda imemfundisha kuipima siku kwa kilichoingia mkononi mwake, na huo ndio uchoyo ambao Luka 12:15 unaonya kuuhusu, ukiwa umefungwa utepe. Aina hii haipati alama hapa, hata zile zilizotengenezwa kwa ustadi.

Inabaki ile tupu, na ndiyo inayopendekezwa. Ni ghali kuliko ya karatasi mwaka wa kwanza, lakini hutumika miaka kumi bila shida. Ya kitambaa iwe ya turubai la pamba. Kitambaa cha sufu bandia hunyooka kwa uzito, na namba zake zilizobandikwa kwa gundi huanza kubanduka msimu wa pili, kwa hiyo tafuta zilizodariziwa au kuchapwa. Mfuko uwe na angalau sentimita 8 kwa 8, na pembe za juu zishonwe mara mbili, kwa sababu hapo ndipo vidole vya watoto huvuta. Piga hesabu ya uzito: gramu 50 kwa kila mfuko ni kilo 1.2, kwa hiyo juu kuwe na fimbo ya mbao inayopita upana wote, itundikwe kwa misumari miwili. Kamba moja ya katikati huifanya ijikunje. Ya mbao yenye vidroo ni nzuri machoni, ila nyingi ni za mbao za unga ulioshindiliwa, nazo huvimba penye unyevu. Ukiwa dukani vuta vidroo viwili vitatu na uvibadilishane nafasi: vikiingia bila kukwama, fundi alipima.

Cha kuweka ndani ndicho kinachoumiza vichwa. Injili ya Luka ina sura 24, kwa hiyo karatasi 24 zenye namba za sura zinatosha, na kusoma kwa sauti ni dakika tano hadi kumi kwa siku. Sura ya kwanza ina mistari 80, igaweni kwa wasomaji zaidi ya mmoja. Jambo moja la ajabu: mkesha wa Noeli mtakuwa kwenye kaburi tupu na njia ya Emau. Wengine hulipenda hilo, wengine huhamishia sura mbili za mwanzo mwishoni. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 kuna pia zile antifona (vitikio vifupi vya kuimbwa) saba za kale zinazomwita Kristo kwa majina: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Moja kwa siku inaenea kwenye kikaratasi.

Wapo wanaoigeuza kalenda: badala ya kutoa kitu mfukoni, kila siku wanaweka kitu ndani ya kasha la kupeleka kwa wahitaji. Hii iko karibu sana na jibu alilowapa waliomuuliza wafanye nini Yohana Mbatizaji, ambaye husikika makanisani katika Jumapili za pili na tatu za Majilio: "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu" (Luka 3:11). Kosa la desturi hii ni la tarehe. Kasha likijaa tarehe 24, wanaogawa chakula wamekwisha kufunga hesabu. Anza katikati ya Novemba, likabidhi juma la kwanza la Desemba, na uulize kwanza kinachohitajika. Vyakula vya kopo viwe na angalau miezi sita kabla ya kuharibika. Na kama unanunua vitu 24 vipya ili upige picha ya kasha, umerudi dukani kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu namba: Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kwa hiyo huwa na siku 22 hadi 28, si 24 daima. Mwaka 2026 yanaanza Novemba 29, kwa hiyo ongeza bahasha mbili pembeni. Mwaka 2027 yanaanza Novemba 28, bahasha tatu. Mwaka 2028 yanaanza Desemba 3, mifuko ya 1 na 2 iache tupu. Mifuko 24 itaenea bila nyongeza wala pengo mwaka 2030.