Uzoefu wangu: santuri ya kwanza ya mwimbaji Mfaransa Jacques Dutronc (1966), toleo la kuchapwa upya

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya kona ya jalada, iliyofika imekunjika kama sikio la mbwa. Muuzaji aliitia santuri kwenye bahasha nyepesi kana kwamba anatuma kadi ya sikukuu. Sahani yenyewe ni nzima. Mikwaruzo yote imo kwenye gita, na hiyo ndiyo niliyoilipia euro 24.

Roki ya gereji naipenda tangu zamani: vijana wa Marekani wa miaka ya 1960, gita linalonguruma, ngoma za haraka, kelele za kutosha kumtoa jirani nje. Kwa Kifaransa niliona haiwezekani. Waimbaji wengi wa Ufaransa wa enzi hizo walichukua nyimbo za Kiingereza wakazitafsiri, na unasikia kabisa maneno yanavyochechemea, kama mtu aliyeazima viatu vya kaka yake.

Dutronc hakuazima. Alikuwa mpiga gita, akafanya kazi ndani ya Vogue, kampuni ya santuri, na kumtungia mwimbaji Françoise Hardy muziki kabla ya kutoka mwenyewe. Hapa muziki ni wake, na maneno mengi ni ya Jacques Lanzmann, mwandishi wa riwaya. Wimbo umezaliwa na lugha yake.

Sikiliza "Et moi, et moi, et moi". Mkazo wa Kifaransa huangukia mwishoni, basi kila "moi" inagonga, pa! kama nyundo kwenye msumari. Jaribu "na mimi, na mimi, na mimi": sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kinabaki kimkia kinachoning'inia. Kwenye taarabu kimkia hicho ni kitamu. Hapa kingeharibu shughuli. Halafu mwenyewe wala haimbi sana, anaongea kama karani aliyechoka saa kumi jioni. Anawataja Wachina milioni 700, anarudi kwenye maisha yake na kijumba chake. Anawafikiria, kisha anasahau. Gita limekasirika, mdomo unapiga miayo. Utamu wote uko hapo.

Nyimbo mbili tatu zimelegea, huwa nazitumia kwenda kuchemsha chai.

Kifaransa changu ni cha kununulia mkate, lakini kisikutishe. Sisi tuliokulia Dar tukicheza nyimbo za Kilingala bila kujua hata neno moja hatuna haki ya kulalamikia lugha. Ila ukielewa kidogo unacheka zaidi: katika "Les Cactus" dunia nzima imekuwa mipungate, hakuna pa kukaa, na jamaa anaguna "aïe, aïe, aïe" kama aliyechomwa kweli.

Siku ya kwanza niliiweka kwa sauti kubwa mno. Kaka mmoja wa Bukavu, tunakaa jengo moja hapa Lyon, akabisha hodi. "Ndugu yangu, huyo anaimba ao anagombana?" Nikamwambia aingie. Alikaa pande zote mbili, hakusema kama ameipenda.

Asubuhi nilimsikia akishuka ngazi na mfuko wake wa takataka: aïe, aïe, aïe.