Maple Leaf ya Wakia Moja: Dhahabu Tupu ya Kanada Mkononi Mwangu

Watazamaji wangu, habari zenu, karibuni tena. Tangu niionyeshe kidogo mwisho wa video iliyopita mmenijazia maswali, basi leo ni hii tu. Sarafu ya Maple Leaf ya Kanada, yaani jani la mti wa maple, wakia moja (gramu 31.1), dhahabu 9999, yaani usafi wa asilimia 99.99, nimeinunua hapahapa Toronto. Vipimo vingine mnavijua, sivisomi. Tufungue.

Jamani, hiyo rangi! Bangili za sonara huwa zimechanganywa shaba au fedha ili ziwe ngumu, na ukizizoea unadhani ndiyo rangi ya dhahabu. Weka hii pembeni yake uone njano inavyokolea.

Sasa nazima taa ya juu, nabakiza hii ya pembeni. Usitazame jani kwanza, tazama pale palipo wazi kulizunguka. Kuna mistari myembamba inatoka katikati kwenda ukingoni. Nainamisha kulia, polepole... umeuona mwanga unavyozunguka? Nairudisha kushoto, na wenyewe unarudi. Narudia tena kwa aliyechelewa. Mistari hii ilianza kuwekwa kwenye sarafu za dhahabu mwaka 2015, na mimi ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Iko kwa vipimo maalumu, upana wake na nafasi kati ya mstari na mstari. Anayemimina sarafu bandia kwenye kalibu atapata mistari iliyofifia, na mwanga hautazunguka hivi, utakatikakatika.

Bado. Nachukua lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10. Chini ya jani kubwa, upande wa kulia, kuna jani jingine dogo sana, kwa macho matupu unaona kama kinukta chenye ukungu. Naisogeza kamera... subiri itulie... hapo! Katikati yake kuna tarakimu zimechorwa kwa leza: 24. Hiyo si karati, kile kipimo cha usafi ambapo 24 ni dhahabu tupu, ni mwaka, sarafu hii ni ya 2024, ndiyo maana upande wa pili yupo Mfalme Charles na siyo Malkia Elizabeth. Alama hii kwenye dhahabu ilianza 2013.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu kuna madini yanaitwa tungsteni, uzito wake kwa ujazo unakaribia kabisa ule wa dhahabu. Mtu akiyapaka dhahabu juu, mizani peke yake haikusaidii. Kwa hiyo yule aliyeniandikia kwamba kwake anapima gramu tu na kulipa, ndugu yangu, tafadhali nunua lenzi.

Najua mashabiki wa Krugerrand, ile sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, mmeshaanza kuandika. Sawa, heshima yake ipo. Afrika Kusini ndio walioanza mwaka 1967, Kanada ikafuata 1979 ikiwa na usafi wa 999, halafu 1982 ikapanda hadi 9999. Waaustria walileta sarafu yao ya dhahabu tupu, Philharmonic, 1989, Marekani wakaja na Buffalo 2006, na Waingereza hadi 2013 ndipo Britannia yao ikaacha karati 22 na kupanda karati 24. Krugerrand yenyewe ni karati 22 mpaka leo, lakini msidanganywe kwamba ina dhahabu pungufu. Ina gramu 33.93, shaba imeongezwa juu ya wakia kamili ya dhahabu. Tofauti kwa sisi tulio Kanada ni kodi: dhahabu ya usafi wa asilimia 99.5 kwenda juu haitozwi, Krugerrand inatozwa, na hapa Ontario ni asilimia 13. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini kuna kinachoniudhi kwenye Maple Leaf. Ni laini mno! Tazama ninavyoishika, ukingoni tu, vidole havigusi uso. Hupaswi kuifuta hata kwa kitambaa, maana ile mistari ninayoisifu ndiyo inayochubuka kwanza. Na usikubali mtu aikwaruze kwenye jiwe la sonara la kupimia dhahabu. Krugerrand, ile shaba inaikaza. Kwa kweli, kama unataka sarafu ya kushikwashikwa na wageni sebuleni, chukua Krugerrand ulipe na hiyo kodi.

Kabla sijasahau, mlioko Tanzania: mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewabana, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu Tabora. Rupia 15, ina tembo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, usafi asilimia 75 tu. Naitafutia video yake, bonyezeni kengele isiwapite.

Bei. Imeandikwa dola 50, ila hakuna atakayekuuzia kwa hiyo. Unalipa bei ya dhahabu ya siku hiyo pamoja na ziada ya muuzaji, na ziada ndiyo ya kulinganisha duka kwa duka. Mmoja ameuliza kama aanze na sarafu ndogo ndogo, za sehemu ya kumi ya wakia. Unaweza, lakini kwa kila gramu ziada yake huwa kubwa zaidi. Mimi ningekusanya pesa polepole hadi zitoshe sarafu ya robo au nusu wakia. Na ukishanunua usiitoe kwenye plastiki yake kama nilivyofanya mimi kwa ajili yenu, muulize kwanza muuzaji ataichukua kwa bei gani ukiirudisha.