Hilux yangu ya 3L: injini inagonga, sailensa iko juu, na mafundi watatu

Hilux yangu ni LN106, kebini mbili, dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu) yenye cc 2,779, ya mwaka 1994. Inabeba ndizi na viazi kutoka Tukuyu kuja Mbeya mjini mara tatu kwa wiki. Ikilala gereji siku moja, mimi najua na watoto wanajua.

Mwezi wa sita, ule msimu ambao Mbeya asubuhi unatoa moshi mdomoni, ikaanza kugonga. Dizeli ya zamani huwa inagonga, hilo nimelizoea. Hii ilikuwa kelele kavu, kama mtu anayepiga debe tupu kwa nyundo ndogo. Sailensa nayo, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, ikapanda. Ukiwasha, injini inaunguruma kama kuna mguu juu ya pedeli, na hata baada ya saa nzima barabarani haishuki. Kwenye tuta, ukiachia pedeli ya mafuta kabisa, gari inataka kwenda yenyewe.

Gereji ya kwanza siitaji jina. Sakafu ya saruji, vijana wana ovaroli safi, nikapewa kiti na soda. Waliweka bisibisi ndefu kwenye bloku, wakatega sikio kwenye mpini. Kisha wakalegeza nati za vibomba vya chuma vinavyopeleka mafuta kwenye nozo, moja baada ya nyingine, kuona kelele inapungua wapi. Ilipungua. Hukumu ikatoka palepale: bering za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, zimekwisha, injini ishushwe, shilingi 2,600,000 na spea zikiwemo. Kwa usafi nawapa tano kati ya tano. Kwa kutambua ugonjwa nawapa mbili, na hizo mbili ni za bisibisi.

Kumbe kelele ilipungua kwa silinda zote nne, siyo moja. Bering ya konrodi ikichoka, kwa kawaida silinda yake ndiyo inayosema, na presha ya oili inashuka injini ikiwa ya moto na sailensa ya chini. Mshale wangu wa oili ulikuwa umesimama vizuri muda wote. Mimi nilikuwa nauangalia kila siku, lakini mbele ya vijana wenye ovaroli nikanyamaza.

Wa pili alikuwa fundi wa mtaani. Yeye hakuhangaika na kelele, alitaka kuishusha sailensa tu. Akazungusha skrubu ya sailensa kwenye pampu, akazungusha tena, mizunguko ikabaki palepale. Akasema pampu imekufa, nitafute ya mtumba. Nikamlipa 10,000 ya usumbufu nikaondoka.

Wa tatu ni fundi pampu. Yeye ndiye aliyenifanya niandike haya. Alichelewa saa mbili, hakuomba radhi, na hana risiti. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Kaka, hii gari ilivuja maji lini mara ya mwisho?"

Nikakumbuka. Wiki tatu nyuma, pale Kiwira, mpira mmoja mdogo wa maji ulipasuka. Kijana wa pale aliichomoa mipira miwili midogo inayoingia ubavuni mwa pampu ya dizeli, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba. Uvujaji ukaisha. Nilimshukuru na nikampa mkungu wa ndizi.

Fundi akaniambia niguse. Mpira mkubwa wa juu wa rejeta ulikuwa wa moto, hauguswi mara mbili. Kile kidude kilicho ubavuni mwa pampu kilikuwa vuguvugu tu. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, nta imesinyaa na springi inavuta wenzo. Wenzo huo unafanya kazi mbili kwa pamoja: unainua sailensa, na unaitanguliza taimingi ya pampu, yaani mafuta yaingie mapema, ili injini iwake vizuri kwenye baridi. Maji ya injini yakipata moto yanapita humo, nta inavimba, wenzo unarudi. Kwangu maji yalikuwa hayapiti tena, kwa hiyo pampu iliamini ni alfajiri siku nzima. Mafuta yanaingia mapema mno, injini inagonga. Na skrubu ya yule fundi wa pili haikufanya kitu kwa sababu mkono wa mafuta ulikuwa umeshikiliwa juu na wenzo, haugusi skrubu kabisa.

Hata sikumwamini mara moja. Akamwita mama ntilie wa jirani, akaomba chupa ya maji ya chai, akayamimina polepole juu ya kile kidude injini ikiwa inaunguruma. Mara ya kwanza hakuna kitu. Akaongeza. Baada ya dakika moja hivi sailensa ikaanza kushuka, na ule ugongaji ukalainika hadi ukawa dizeli ya kawaida. Mama ntilie akasema, "Baba, maji yangu hayo utayalipa." Nilimlipa.

Kazi yenyewe ilikuwa mipira miwili mipya, klipu nne, kujaza maji na kutoa hewa. Alikataa mipira ya mafuta niliyokuwa nayo nyumbani. Alisema maji ya moto yataila, tununue ya hita. Jumla shilingi 52,000, mipira ikiwemo. Nikamuuliza kuhusu wanaokitoa kidude kizima na kuziba kwa kibati. Akasema anayeishi Dar anaweza, huko hakuna asubuhi ya baridi ya kutisha, ila mimi wa huku nikiache. Nakubaliana naye. Kuwasha saa kumi na moja alfajiri pale Isongole bila msaada wowote si mchezo.

Kama gari yako inagonga na sailensa iko juu kwa wakati mmoja, kabla ya kukubali injini ifunguliwe, fuata mipira midogo ya maji kwa mkono mpaka mwisho wake. Injini ikiwa imezimwa, tafadhali, feni haina huruma.

Alama za huyu fundi pampu kwangu ni nne na nusu. Ile nusu aliipoteza kesho yake, kwenye foleni ya Mwanjelwa: gari ilizima mara tatu nikiachia mafuta. Ile skrubu iliyoshushwa na fundi wa pili sasa ilikuwa inafanya kazi, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Alikuja na kimashine chake cha kuhesabu mizunguko, akaiweka 750, bure.