Kitufe cha "Lainisha" kinanitia hasira: uzoefu wangu na huduma ya kubana GIF

Nimelipia huduma moja ya mtandaoni ya kutengeneza na kubana GIF. Jina nalihifadhi. Yapo mazuri ya kuisifia, ila yatasubiri zamu yake, maana kuna kitufe pale wamekiandika "Lainisha", na hicho kitufe ni balaa.

Chukua kipande cha sekunde 3 chenye fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda mwendo). Hizo ni fremu 75. Bonyeza Lainisha: huduma inazalisha fremu za katikati hadi zinafika 300, kisha kila moja inaandikiwa muda wa 1. Hiyo 1 si milisekunde. GIF hupima muda wa fremu kwa sehemu za mia za sekunde, na ndivyo ilivyo tangu toleo la 1989. Kwenye makaratasi hesabu inakubali: 300 mara 0.01 ni sekunde 3 zile zile. Lakini vivinjari vikubwa vikikuta muda wa 0 au 1 haviutii, vinaupandisha hadi 10, yaani fremu 10 tu kwa sekunde. Kwa hiyo sekunde 3 zako zimegeuka kuwa 30. Picha iliyotakiwa kuteleza inajikokota kama kobe, na umelipia ijikokote.

Kinachokera zaidi ni kwamba kwenye dirisha lao la hakiki kila kitu kinateleza vizuri. Kwa nini? Kwa sababu kile si GIF! Bofya kulia juu ya hakiki utaona chaguo za video: kucheza, kusitisha, kunyamazisha. Wanakuonyesha video, wanakupa GIF, na tofauti unaigundua ukishaiweka kwenye ukurasa ulio hewani.

Niliandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza likaniambia nifute kashe ya kivinjari, na kwamba huenda kifaa changu hakina nguvu. Nikawatumia orodha ya muda wa kila fremu, 1, 1, 1, mpaka mwisho. (Amri ya gifsicle --info, ya programu ya bure ya kubana GIF, inaitoa papo hapo, kama fremu inasoma 0.01s, umepata mchawi wako.) Jibu la pili likanishauri nipande kifurushi cha juu ili nipate fremu nyingi zaidi. Fremu nyingi zaidi! Mtu anakuletea ushahidi kwamba fremu zimezidi na muda ni mbovu, nawe unamuuzia fremu.

Halafu tuje kwenye ukubwa wa faili, maana hapo ndipo kitufe kinaharibu mara ya pili. GIF hubaki ndogo kwa ujanja mmoja mkuu: pikseli isiyobadilika kati ya fremu moja na inayofuata haihifadhiwi tena, huachwa wazi ili ya zamani ionekane. Mandhari ikitulia na kitu kimoja tu kikisogea, fremu nzima inaweza kuwa kimraba kidogo. Sasa Lainisha inatengeneza fremu za katikati kwa kuchanganya mbili jirani nusu kwa nusu. Chengachenga zote za video zinachanganywa nazo, karibu kila pikseli inapata rangi iliyohama kidogo, na hakuna cha kuacha wazi. Rangi mpya zinamiminika wakati paleti, yaani orodha ya rangi za GIF, haivuki 256. Kwa pikseli 480 kwa 270, fremu moja kabla ya kubanwa ni baiti 129,600. Fremu 75 ni takriban MB 9.7, fremu 300 ni karibu MB 39. Ubanaji wa GIF unategemea marudio. Ukiyaua marudio, huna cha kubana.

Sasa niwe mkweli: sehemu yao ya rangi ni nzuri kuliko nyingi nilizozitumia. Wanakuachia uchague namna ya kutawanya vinukta vya rangi ili rangi chache zionekane nyingi, na chaguo la msingi ni mpangilio wa Bayer, siyo ule wa Floyd–Steinberg. Hilo linaonyesha kuna mtu pale ndani anayejua kazi. Floyd–Steinberg hupendeza kwenye picha iliyotulia, lakini kwenye mfululizo vinukta vyake huhama kila fremu hata pale ambapo hakuna kilichosogea, na faili linavimba. Bayer huviweka vinukta mahali pale pale. Kitelezi chao cha upotevu, kinachopoteza ubora kidogo ili faili lipungue, nacho kinafanya kazi. Ukikiweka katikati michoro yenye rangi chache hupungua sana bila jicho kulalamika. Na paleti inatengenezwa kwa kuangalia kinachosogea, siyo mandhari ya nyuma. Kwa kazi hiyo tu ningewapa nyota nne.

Ila ukiomba fremu 30 kwa sekunde wanaandika muda wa 3, basi. Muda wa 3 ni fremu 33.3. Mwendo unakimbia, na sekunde 10 zinaisha ndani ya 9. Dawa inajulikana: 3, 3, 4, halafu unarudia, na jumla inakaa sawa. Programu za bure zinafanya hivyo, huduma ya kulipia haifanyi. Zile nyota nne nazipunguza.

Kama umeshalipia na huwezi kurudishiwa pesa, usikiguse Lainisha kabisa. Weka muda kwa mkono: 4 kwa mwendo wa kawaida, 5 kama unataka faili dogo zaidi, na usishuke chini ya 2, ambayo ni fremu 50 kwa sekunde na ndiyo kikomo kinachoheshimiwa. Punguza upana kabla ya kupunguza rangi: kutoka 480 kwa 270 kwenda 320 kwa 180 pikseli zinabaki chini ya nusu. Kisha shusha rangi hadi 128, au 64 kwa michoro. Bila huduma yao, ffmpeg (programu ya bure ya video) yenye palettegen=stats_mode=diff na paletteuse=dither=bayer:diff_mode=rectangle, ikifuatiwa na gifsicle -O3 --lossy=80, inafikia matokeo yale yale bila malipo.

Na kama chanzo ni video halisi, nyuso za watu, maji, moshi, achana na GIF. Huduma hii inatoa pia MP4, na inaitoa vizuri: haina sauti, vipimo ni namba shufwa, taarifa za faili zimewekwa mwanzoni ili ianze kucheza kabla haijashuka yote. Kwenye ukurasa, ndani ya lebo ya video, andika autoplay, muted, loop na playsinline. Ukisahau muted baadhi ya vivinjari vinaweza kuizuia isianze yenyewe, na ukisahau playsinline iPhone itaifungua skrini nzima. Hiyo MP4 ndiyo ile ile wanayoionyesha kwenye hakiki ya GIF. Wanacho kitu kinachoteleza kweli, kidogo kwa ukubwa, tayari mikononi mwao, halafu kitufe kikubwa cha rangi ya chungwa wamekipa Lainisha, na MP4 wameificha ndani ya menyu ya "Zaidi".

Nyota mbili, kwa ajili ya aliyeandika sehemu ya rangi. Walionijibu barua hawamo.