Seramu ya niasinamaidi naikubali, vidonge vya gluta hapana

Hii seramu ya niasinamaidi (aina ya vitamini B3) asilimia 10 nimenunua duka moja la vipodozi Kariakoo na kwa kweli naipenda, madoa meusi ya chunusi mashavuni yamefifia taratibu na mafuta usoni yamepungua, ila rangi yangu ni ileile, mtu asikudanganye eti itakufanya mweupe. Ni nyepesi, matone mawili matatu yanatosha uso mzima, ukizidisha inaanza kutoka vipande vipande vyeupe ukipaka kitu kingine juu. Asubuhi lazima sanskrini, maana kwa jua hili la Dar ukiiacha madoa yanarudi tu.

Vidonge vya gluta (glutathioni, vile vya kung'arisha ngozi) nilivyochukua pamoja nayo sijaona kitu na bei yake imechangamka. Ukivimeza, sehemu kubwa inavunjwavunjwa tumboni. Sindano zake ndo usiguse kabisa, hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi.

Kilichoniudhi ni muuzaji kunisukumia krimu ya kikopo hakina hata lebo, eti wiki moja tu unatakata. Wiki moja! Jamani dada zangu, mikorogo ya hivyo mara nyingi ina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, zebaki inaharibu figo, na hapa Tanzania zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi ni marufuku. Uliza viambato kabla hujatoa hela, wakikwambia ni siri ya duka ondoka.

Seramu nyota 4, gluta 1, huduma ya duka 2.