Tahadhari: "drili za nyundo" zinazouzwa kwenye buti ya gari mjini Nakuru

Ndugu zangu wa Nakuru na viunga vyake, kuna mtu anayeuza drili kwenye buti ya gari karibu na stendi ya matatu, akidai kuwa ni drili za nyundo za kutoboa zege. Wiki iliyopita nilimlipa shilingi 4,500 kwa M-Pesa, nikaondoka na kitu kingine kabisa.

Hila yake imo katika majaribio. Aliiunganisha mashine na jenereta ndogo, akatoboa jiwe la kujengea mbele yangu, na biti (kile chuma kinachotoboa) ikazama kwa sekunde chache. Mengi ya mawe ya machimbo ya huku kwetu ni laini, hata biti dhaifu huyapenya, lakini zege lenye kokoto ni jambo jingine. Nyumbani, kwenye nguzo niliyokusudia kufungia bawaba za geti, nilisukuma kwa muda mrefu hadi biti ikageuka samawati kwa joto, ncha ikawa butu, na tundu likapanuka kwa kuwa biti ilikuwa ikiyumba. Rawbolti ya milimita 10 yenye ganda la kutanuka huhitaji tundu la milimita 16 barabara. Yangu ilizunguka tu bila kukaza, na geti hilo ndilo watoto wangu hupenda kuning'inia.

Nilipobandua karatasi iliyoandikwa "26 mm" ubavuni mwa mashine, nilikuta maandishi ya awali: "13 mm". Kumbe ni drili ya kawaida yenye mtikisiko, ambayo sahani zake mbili zenye meno husuguana na kuirusha biti kidogo tu, nayo yafaa kwa matofali. Drili ya nyundo ina pistoni inayogandamiza hewa ili biti ipigwe kwa nguvu. Biti yake ya SDS-Plus, yaani aina ya biti inayojifunga kwenye mashine yenyewe, ina shina la milimita 10 lenye mifereji, huingia bila ufunguo, na ukiivuta kwa vidole husogea mbele na nyuma bila kuchomoka. Ukionyeshwa mashine inayoshika biti kwa meno matatu yanayokazwa kwa ufunguo, kama yangu, usilipe.

Hakunipa risiti. Niliporudi siku ya tatu, gari halikuwapo na simu yake ilikuwa imezimwa.

Aliyekwisha kununua asitundike kitu kizito kwenye matundu ya mashine hiyo kabla ya kuyakagua. Bolti ikizunguka inapokazwa, toboa upya kwa mashine ya kweli penye zege zima, mbali na tundu la kwanza, na upulize vumbi lote litoke kabla ya kuingiza bolti nyingine.