Ron Howard na Danica McKellar: kubaki studio au kwenda darasani?

Ron Howard alianza kuonekana kama mwigizaji mtoto kwenye The Andy Griffith Show, kipindi cha televisheni cha Marekani, mwaka 1960, akiwa na miaka 6. Utu uzima ulipofika hakuitupa fani. Alihamia nyuma ya kamera, na mwaka 2002 akatwaa Oscar ya mwongozaji bora. Danica McKellar, naye mwigizaji aliyekulia kwenye kipindi cha televisheni The Wonder Years (1988 hadi 1993), alishika njia nyingine: alihitimu hisabati UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) mwaka 1998, akashiriki kuthibitisha nadharia yenye jina lake, kisha akaandika vitabu vya hesabu kwa wasichana. Kuigiza hakuacha. Mimi naona njia ya McKellar ndiyo salama: simu za watayarishaji zikinyamaza, shahada ipo. Ya Howard inadai kipaji cha pili, na hicho, tuseme ukweli, wengi hawana.